Kamba ya Syombua na Gari la Kupanda Mawe

Tangu nirudi kutoka Kilungu sijapata nafasi ya kuchambua ndengu kwa amani. Mbula anakuja kuomba chumvi na anakaa saa mbili. Mwalimu Kasyoka anajifanya alikuwa anapita tu. Wote wanataka kujua kama ni kweli nilipanda jiwe nikiwa ndani ya gari, na umri huu. Basi nimechukua daftari, naandika mara moja tu. Mkimaliza kusoma mpelekeeni mwenzenu, na wewe Mbula unirudishie chumvi yangu.

Shule niliacha darasa la tatu, lakini jina la mtu halinipotei. Nitawataja wote, wa kusifiwa na wa kulaumiwa. Wa kulaumiwa kuliko wote ni mimi, lakini hapo mtangoja kidogo.

Mutomo, kabla ya kutoka

Dada yangu mkubwa Syombua aliolewa Kilungu, juu kabisa, mahali barabara ilichoka ikawaacha watu waendelee peke yao. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa nne huu. Na nyonga yake ni mbaya, mteremko hauwezi. Tulisikia madaktari wa macho watakaa mwezi mzima hospitali iliyo chini ya milima, wanapasua bila malipo, na Ijumaa ya mwisho saa sita mchana wanafunga masanduku yao waende.

Wanaume wa kanisa walitaka kumbeba kwa kitanda. Syombua akawaambia, "Kitanda ni cha maiti. Nikifa nitawaita." Bodaboda nayo ilikuwa inafika chini ya ngazi mbili za mawe zilizo kabla ya boma lake, inageuka, inarudi. Akatoa sharti lake: atashuka siku gari litafika mpaka mlangoni, na mimi nikiwa ndani, kwa sababu akianguka hataki kuanguka na wageni.

Sasa, mjukuu wangu Kioko, wa binti yangu Mwende, ni mtu mzima mwenye watoto wawili na kazi nzuri ya umeme huko Machakos. Jumamosi yeye na wenzake huchukua magari wakaenda kupanda mawe. Wananunua mafuta, wanapanda jiwe, wanashuka, wanapigiana makofi. Mimi nimepanda mawe miaka sitini na mtungi mgongoni na ukanda kichwani, na sikumbuki nani alinipigia makofi. Lakini sikusema neno, maana gari nililihitaji.

Mwezi uliopita Kioko alijaribu kufika kwa Syombua na gari lake likiwa bado fupi. Kwenye ngazi ya pili likainua pua kama beberu anayetafuta majani ya juu. Akarudi kinyumenyume mpaka chini, na kwa woga hata hakupima chochote. Akaja kwangu, mimi susu yake, yaani nyanya yake, akachora kwa kijiti kwenye majivu.

"Susu, gari ni kama mnyama. Miguu ya mbele na ya nyuma ikikaribiana, linageuka vizuri kwenye kona, lakini mlimani linaanguka na mgongo. Ikiachana sana, linatulia, lakini tumbo linakalia jiwe na kona halikati. Umbali huo tunauita wilibesi."

"Kwa hivyo wewe ulitengeneza mbuzi."

"Ee."

"Na ukimvuta sana anakuwa ngamia."

"Ndiyo, Susu. Nataka wa katikati. Lakini lazima nijue kutoka ukingo wa ngazi ya kwanza mpaka wa pili ni umbali gani. Gari lipite hapo kwa vidole vinne, ndio magurudumu ya mbele yamalize ngazi ya pili kabla ya nyuma kugusa ya kwanza. Yakigonga yote pamoja, tumekwisha."

Tukampigia Syombua simu. Akasema, "Nitapima mimi." Mtu asiyeona! Lakini alishuka kwa makalio mpaka kwenye mawe, akapapasa kingo zote mbili, akavuta kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, akapiga fundo huku na fundo huku. Kamba akaiweka kwenye kyondo chini ya maparachichi, akina mama waliokuja mkutano wa kanisa Kitui wakaniletea.

Kamba ilifika imekauka, ngumu kama waya. Mimi nimesuka vyondo tangu nikiwa msichana, na katani ngumu nikiishika mkono wangu haungoji kuamriwa. Nikailoweka kwenye karai. Asubuhi yake Kioko akaja, akaivuta ukutani, akapima fundo mpaka fundo, akaandika, akaongeza vidole vinne, akaenda Emali kwa Mutinda, fundi wake wa kuchomelea. Mutinda akakata chasis, akasogeza ekseli ya nyuma, akaunganisha shafti ndefu zaidi. Wiki mbili baadaye, Jumatano asubuhi, gari likasimama kwangu: halina milango wala vioo, mabomba ya chuma juu kama kizimba cha kuku, na magurudumu yanayonifika kifuani. Nikapandia stuli. Kamba ya Syombua Kioko aliifunga kwenye bomba la mbele, inapepea kama bendera.

Mutomo mpaka Ikutha

Barabara ya lami ni nzuri siku hizi, lakini gari la kupanda mawe halipendi lami. Linanguruma, linayumba, haliendi. Punda wa Ikutha wametupita, na sitanii. Mmoja alikuwa na mkokoteni.

Ikutha ilikuwa siku ya soko. Kioko aliposhuka kununua maji, mzee mmoja akalizunguka gari, akagonga mabomba, akauliza, "Mnachimba futi ngapi?"

Alikuwa anaitwa Nzuki. Kabla sijamjibu alikuwa ameshapaza sauti kwamba watu wa kisima wamekuja. Mkinicheka ni sawa, lakini niambieni kama mabomba yale juu ya gari hayafanani na mtambo. Watu wakajaa. Mama mmoja akaniuliza kama mimi ndiye ninayejua mahali maji yalipo, maana nilikaa mbele na nilikuwa mzee. Nikakana. Wakasema wajuzi wote hukana.

"Susu, waambie!" Kioko akasema.

"Nimewaambia. Wameniamini vibaya."

Ikabidi twende shambani kwa Nzuki, kwa heshima tu, tuone mahali penyewe. Mke wake Katile akatupa muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na ndengu, na maziwa kwenye kibuyu. Tulikula vizuri. Baada ya kula Nzuki akaniuliza mara ya mwisho, na mimi, ili tuondoke, nikaonyesha kidole kwenye mkuyu uliokuwa bondeni nikasema pale panaonekana pazuri. Kioko akanitazama njia yote. Sasa najua Nzuki amechimba, kwa sababu amenipigia. Kufikia sasa amepata mchanga wenye unyevu, na ananisifu kupita kiasi.

Kibwezi

Tulivuka mto Athi jua likiwa kali, upepo unatupiga usoni bila kizuizi. Kibwezi tukasimama kwa chai. Kioko akalala chini ya gari kuangalia nati, na mimi, kwa kukosa kazi, nikafungua kamba ya Syombua niitazame.

Ilikuwa imekauka. Wiki mbili na upepo wa siku nzima vilikuwa vimeimaliza maji yote. Nikaweka fundo moja katikati ya gurudumu la mbele, nikaivuta mpaka la nyuma, niyaone kwa macho yangu yale maajabu ya vidole vinne. Havikuwepo. Fundo la pili lilikaa katikati ya gurudumu la nyuma, sawasawa kabisa, kama limezaliwa hapo.

Nyinyi mliosuka mmeshajua. Wasiosuka nitawaambia: kamba ya katani ikilowa hujivuta, inafupika. Ikikauka inarudi urefu wake. Kioko alipima kamba iliyotoka kwenye karai langu. Vidole vyake vinne vilikuwa ni vile nilivyompunguzia mimi.

Nikakaa kwenye benchi. Chai ikapoa. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema. Kioko alikuwa pale, miguu yake inaonekana. Nikasema, "Kioko."

"Naam, Susu."

"Mandazi ya hapa ni matamu."

Kwa hiyo nikaifunga kamba pale ilipokuwa. Sijui kama mlishawahi kukalia siri kwenye gari lisilo na milango. Mtu anahisi kila lori linalopita linajua.

Emali, kwa Mutinda

Barabara ya Mombasa malori yalitusukuma kando kama vifaranga. Kufika Emali ilikuwa jioni. Mutinda alitukaribisha kwa nyama ya mbuzi na ugali. Ni mtu mwembamba, mikono imejaa makovu ya moto, anaongea polepole. Kioko, akiwa anatafuna, akachukua kamba ili amwonyeshe Mutinda kazi ilivyokuwa nzuri. Akaivuta gurudumu kwa gurudumu.

Nilichukua mfupa mkubwa kuliko yote nikaanza nao.

"Mutinda," Kioko akasema, "vidole vinne viko wapi?"

"Viko hapo."

"Hapa hakuna kitu. Umekata fupi."

"Nilikata ulivyoandika. Karatasi ninayo." Akaileta. Wakapima kwa mita ya chuma. Gari lilikuwa sawa na karatasi mpaka nukta ya mwisho.

"Basi kamba imekuwaje? Imekua kama mtoto?"

"Mimi nachoma chuma," Mutinda akasema. "Mambo ya kamba uliza wenye kamba."

Kioko akakasirika. Alisema maneno ambayo sitaandika yote. Lililo dogo ni kwamba Mutinda arudi kutengeneza majiko. Mutinda akaosha mikono, akasema, "Nyama ni yenu, malizeni." Hilo lilinichoma kuliko matusi. Mke wa Mutinda, Ndinda, akaniuliza kama nyama imeiva maana sikuwa nameza.

Kusogeza ekseli tena ni kazi ya siku mbili. Kesho ilikuwa Alhamisi. Kioko akasema twende hivyo hivyo.

Kilungu, kwenye ngazi

Kilungu ni baridi, ni kijani, na kila boma lina parachichi. Njia inapanda kama imekasirika. Gari lililotuchelewesha kwenye lami hapa lilifurahi: linashika, linajivuta, linatambaa jiwe kwa jiwe kama kinyonga, na kona ya mwisho, ile aliyoiogopa Kioko kwa sababu ya urefu, likaikata mara moja. Nakiri nilianza kuelewa kwa nini wanapigiana makofi.

Halafu tukafika kwenye ngazi. Ya kwanza, magurudumu ya mbele yakapanda. Tukasogea. Na hapo, kama Kioko alivyonichorea kwenye majivu, ya mbele yakagonga ngazi ya pili na ya nyuma yakagonga ya kwanza kwa pigo moja, kama waumini wakipiga magoti. Gari likatetemeka, likakwama. Akajaribu mara tatu. Mara ya tatu likateleza upande wa bonde na nikaona vichwa vya migomba chini yangu.

"Shuka, Susu."

"Nashukia wapi?"

"Upande huu, Susu, upande huu!"

Kioko akakaa kwenye jiwe, ameshika kichwa. "Kesho saa sita wanaondoka," akasema. "Vidole vinne tu. Huyu Mutinda, mimi na yeye tumemalizana."

Hapo ningesema, kweli ningesema. Lakini akina mama wakatokea na majembe mabegani. Walikuwa wametoka mwethya, kazi yetu ya pamoja ya kulimiana matuta shamba hili leo, lile kesho. Aliyewatangulia ni Kavutha, mnene, mcheshi, jirani ya Syombua. Nyuma yake Mbinya, Ndunge, Katunge, na Mumbua aliyekuwa na mtoto mgongoni.

"Hili gari limekwama au limepumzika?" Kavutha akauliza.

Kioko akaanza kumweleza wilibesi. Alieleza vizuri, kwa mikono. Kavutha akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo shida yako ni hii ngazi kuwa juu."

"Si juu tu, mama, ni umbali—"

"Ikiwa si ngazi?"

"Vipi?"

Kavutha alifunga leso kiunoni vizuri. Tangu zamani mtu wa huku akiona mteremko hujaza mawe chini na udongo juu. Ndivyo mashamba yetu yalivyobaki mahali pake. Wakapanga mawe makubwa chini ya ngazi ya kwanza, madogo katikati, changarawe juu, wakakanyaga wakiimba. Halafu ya pili. Mimi niliokota yale madogo, na niliyaokota kwa bidii ya mwenye dhambi. Sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, iliyokuwa motoni kwa Kavutha ilikuwa bado haijaiva, na tayari ngazi zote mbili zilikuwa mteremko laini hata mbuzi mvivu angepanda.

Kioko akatazama. "Mama Kavutha, miaka yote hii mbona hamkujaza?"

"Kwani gari gani lilikuwa linakuja? Miguu yetu inazijua hizi ngazi. Mngesema tu mnataka kupita."

Kioko akapanda gari. Likapita bila kunguruma hata. Hakuna aliyepiga makofi.

Mlangoni kwa Syombua

Syombua alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, amevaa rinda la kanisani tangu asubuhi. Alikuwa amepungua. Nikamshika mkono, akanipapasa uso, akasema, "Umenona." Tulilia kidogo, hiyo ni yetu.

Kisha akasema, "Nipeni kamba yangu."

Kioko akamletea. Akaipitisha kwenye vidole polepole, kutoka fundo mpaka fundo, kama mtu anasoma. Katikati akasimama.

"Nani aliloweka kamba yangu?"

Nikaanza kuhesabu kuku wake.

"Pengine ni mvua," nikasema.

"Mvua hulowesha juu. Hii imelala majini mpaka imefunguka ndani. Imelala na nani?"

Kioko akageuka. "Susu?"

"Ilikuwa ngumu," nikasema.

"Ilikuwa ngumu kwa sababu ilikuwa kipimo!"

"Muache," Syombua akasema. "Toka utotoni huyu hulainisha vitu ambavyo hajaulizwa."

Kioko alitembea mpaka kwenye parachichi akarudi. Nilijua anafikiria Mutinda. Akapiga simu, na ilipoitikiwa akanipa mimi. Nikamweleza Mutinda yote, karai, kamba, Kibwezi, mandazi, na mfupa. Akasikiliza.

"Susu," akasema, "nilijua ni kamba. Uliutafuna ule mfupa muda mrefu sana."

Kisha nikampa Kioko simu, naye akasema lake mwenyewe, akiwa ametugeuzia mgongo. Lilikuwa fupi. Nadhani lilitosha.

Jicho

Ijumaa asubuhi tulimkalisha Syombua kati yetu, tukamfunga mkanda na leso mbili juu ya mkanda. Alishuka mlima mzima akiimba pambio, ameshika bomba, ananiambia gari ni tulivu sana, linaonekana ni kubwa na zuri. Sikumpinga. Tulifika saa nne. Muuguzi alikuwa ameshaanza kufunga sanduku moja, akalifungua tena. Wakampasua jicho la kulia.

Jumamosi wauguzi wa hospitali wakatoa bandeji. Alikaa anapepesa. Akamtazama muuguzi, akatazama ukuta, akatazama mikono yake pande zote mbili. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Kaluki," akasema, "mbona hukuniambia umezeeka?"

Tukatoka nje. Kioko alikuwa amelipangusa gari, amesimama kando yake kama bwana harusi. Syombua akasimama. Akalizunguka polepole, nyonga na yote: kizimba cha mabomba, magurudumu ya kumfika kifuani, viti vilivyofungwa kwa waya.

"Hiki ni nini?"

"Ndilo gari, Susu," Kioko akasema. "Ndilo lililokushusha."

"Nilipanda hiki?"

"Ulipanda. Uliimba."

"Nilikuwa sioni," Syombua akasema. "Sasa naona." Akainua mkono akaita bodaboda.

Akakaa upande, akashika leso yake, na bodaboda ikampandisha Kilungu, ikapita juu ya mawe ya akina Kavutha, ikamwacha mlangoni. Sisi tulifika baadaye kidogo. Maji yalikuwa yanachemka.

Juzi Kioko amenipigia. Anataka kurudi kwa Mutinda aongeze vidole vinne. Nikamuuliza ataenda wapi navyo, na njia imeshajengwa. "Susu," akasema, "kuna mawe mengine."

Kamba Syombua alinirudishia, chini ya maparachichi. Nimemfungia mbuzi. Inalala nje, na kila mvua ikinyesha mbuzi wangu anakosa majani ya vidole vinne, ananitazama.